Baba Alitaka Alazwe Zizini

Baba yangu alitaka alazwe zizini. Hakulisema hilo kitandani akiwa hoi, la. Alilisema miaka yote akiwa mzima, tonge mkononi, mfupa wa mbuzi mdomoni. "Nikifa mnilaze katikati ya zizi. Si kando. Katikati." Mama akimjibu, "Kula kwanza, ugali unapoa." Nasi watoto tulicheka, maana mtu anayetafuna mfupa namna ile hafi leo wala kesho.

Kwetu Wasukuma si jambo la ajabu. Zamani mwenye mji alilazwa zizini, ng'ombe wakapita juu yake, na mwaka ukiisha hata mchawi hajui pa kuanzia kufukua. Siku hizi watu wanataka kaburi la vigae mbele ya nyumba, wapita njia walione. Baba hakutaka vigae. Katekista wetu naye hakuwa na neno, alisema ardhi yote ni ya Mungu, yenye mbolea na isiyo na mbolea.

Hakuzaliwa mfugaji wa Geita huyu. Alitoka Didia, kwao Shinyanga, akiwa kijana, akafuata dhahabu kama wenzake, akachimba mpaka kaka yangu mkubwa, mtoto wake wa kwanza, naye akawa na kifua cha kushuka duarani, shimo la wachimbaji. Wakashuka pamoja kwenye shimo lile, zamu moja. Mvua ilikuwa imenyesha. Baba alikuwa ametangulia kupanda udongo ulipomkalia kaka. Alifukua kwa sululu, mpini ukavunjika, akafukua kwa mikono, hadi wenzake wakamvuta kwa nguvu kwa sababu ardhi ilikuwa bado inashuka. Kaka hakutoka. Yuko kule mpaka leo. Tulikaa matanga bila jeneza, na mama hana mahali pa kung'oa majani wala pa kuwasha mshumaa.

Baada ya hapo tulihamia kijiji kingine, mbali kidogo na machimbo. Baba akanunua ndama, akawa mtu wa ng'ombe, na neno dhahabu likawa tusi nyumbani kwetu. Jioni alisalimia ng'ombe kwanza, sisi baadaye. Nilipoolewa Shinyanga mjini alinifuata na dumu la maziwa mgando, amelipakata njia nzima. Alikaa kidogo tu, akaniuliza, "Huyu mume anakupiga?" Nikasema hanipigi. Akasema, "Haya," akaondoka zake. Huyo ndiye baba yangu. Sijawahi kusikia akisema ananipenda, na sijawahi kuhitaji kusikia.

Kifua kilimsumbua, vumbi la mawe ya ujana wake, na hatimaye kikamshinda. Simu ilinikuta dukani kwangu sokoni nikipima mchele. Mimi nikifiwa silii mapema, nagomba kwanza. Nilimgombeza mteja, nikamgombeza kondakta kwa kosa ambalo sasa hata silikumbuki, na nilipofika nyumbani nikagomba na waliopanga viti. Sikuwa na uwezo wa kumrudisha baba. Uwezo niliokuwa nao ni mmoja tu, kuhakikisha analazwa alipotaka, na nilijiapiza kwamba hilo halitaharibika nikiwa hai.

Asubuhi ya mazishi jeneza lilikuwa sebuleni, mama amekaa mkekani pembeni yake na wanawake wenzake, kaniki kichwani. Ng'ombe walikuwa wametolewa kwenda malishoni. Vijana wa kijiji walikuwa zizini wanachimba kaburi, maana ndugu wa marehemu hachimbi. Huku kwetu ukisema vijana umesema wachimbaji, wote wanatoka machimboni. Nilifurahi. Nikajisemea, angalau kaburi la baba litanyooka. Mimi nilikuwa jikoni nje na kina mama, tunageuza sufuria ya wali, na sauti ya sululu inakuja vizuri tu, pu, pu, pu.

Halafu ikanyamaza.

Nikadhani wanakunywa maji. Haikurudi. Nikaenda kuangalia, na mwiko wangu mkononi. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni, na vijana wote wamemzunguka mmoja aliyeshika jiwe jeupe lenye mishipa ya kutu. Akaliramba. Jiwe la kaburi la baba yangu, analiramba! Kisha akaligeuza juani, akalisogeza karibu na jicho.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Dada, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Mazishi saa nane!"

Mmoja alikwisha kwenda jikoni, akarudi na kinu cha mama, kinu cha kisamvu, wakalitwanga lile jiwe humo. Mwingine akaleta karai na maji. Nilitukana matusi ambayo mtu hatukani msibani, Mungu anisamehe, na ilikuwa kama nayatukana mawe. Yule kijana akazungusha karai polepole, akamwaga tope, akazungusha tena. Chini kukabaki uzi wa njano.

Hawakushangilia. Mtu wa machimbo akiona dhahabu hapigi kelele, anapunguza sauti. Wakaanza kunong'ona, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Waombolezaji waliokuwa wamelala chini ya turubai wakaamka mmoja mmoja bila kuitwa. Mtu akatoka na pikipiki yake, akiisukuma kwanza mpaka barabarani ndipo akaiwasha. Nikajua habari imeondoka.

Mdogo wangu akaja mbio. Ndiye mwanaume pekee tuliyebaki naye. Anafanya kazi kwenye karasha, anasaga mawe ya wenzake. Baba alimruhusu kazi hiyo kwa sharti kwamba asishuke chini, na kila jioni alikaa kwenye kigoda akitazama njia mpaka amwone anakuja. Mdogo wangu akaliinamia karai, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyua uso alikuwa analia na anatabasamu, vyote pamoja, na mimi nikatamani kumzaba kibao.

"Dada, baba ametuachia urithi."

"Baba ametuachia maiti ya kuzika."

"Nisikilize. Hapa akilazwa, pamefungwa. Nani atachimba kaburi la baba yake? Lakini tukimpeleka Didia, kwa baba zake, kuna ubaya gani? Si ndiko kwao?"

"Alisema zizini."

"Alisema akiwa hajui!" Sauti ikamkatika. "Dada, wewe una duka lako mjini. Mimi nasaga mawe ya watu, mapafu yangu yanajaa vumbi la dhahabu ya watu. Unataka nife kama yeye?"

Alikuwa ananiambia ukweli. Alikuwa ameanza kukohoa, na nilikuwa nimemsikia.

Tungeweza kugombana wawili tu tukamalizana. Lakini baba mkubwa, kaka wa marehemu, mzee wa Didia, alikuwa anasikia. Toka siku ya kwanza hakupenda ndugu yake azikwe ugenini. Alikuja na pikapu ya kukodi, akisema ni ya kubebea ndugu. Sasa akaona mlango umefunguka wenyewe.

"Mwanangu anasema vema," akasema, akimwekea mdogo wangu mkono begani. "Mtu hulala na baba zake."

"Shikamoo baba mkubwa," nikasema, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi. Ilikuwa ya kumkumbusha kwamba namheshimu kabla sijasema yafuatayo. "Na kaburi hili? Kaburi halichimbwi likaachwa wazi. Litaita mwingine."

"Gogo la mgomba," akajibu papo hapo. "Tunalivika sanda, tunalifukia humo, kaburi limepata mtu wake. Ndivyo inavyofanywa."

Ni kweli ndivyo inavyofanywa. Mtu akizama ziwani asipatikane, au kaburi likichimbwa kimakosa, mgomba huzikwa badala yake. Lakini baba yangu hakuzama popote! Alikuwa sebuleni, ameoshwa, amevaa suti yake ya harusi yangu. Na wote pale walijua kwamba gogo lile lingekaa ardhini mpaka gari la maiti lipotee machoni, kisha sululu zirudi.

Watu walizidi kumiminika. Nyuma ya ua wa minyaa niliona vichwa nisivyovijua, na juu ya vichwa mipini ya sululu. Mwenyekiti wa kijiji akafika, akatoa pole, macho yake yakiwa kwenye karai. Akasema mambo ya leseni, kwamba ardhi ya juu ni yetu lakini ya chini ina taratibu zake, kwamba tuamue upesi kabla rashi haijaingia. Rashi ni ule mfumuko wa watu dhahabu ikisikika mahali. Ikiingia kwako jioni hakuna nyumba, hakuna zizi, kuna mashimo tu na wauza chai.

Wazee wakakaa kando, wakaongea kidogo mno. Mgomba ukaletwa. Kufumba na kufumbua wanaume wamelitoa jeneza sebuleni, na wanawake ndani wameanza kulia upya bila kujua wanalia nini. Nikakimbia nikasimama nyuma ya pikapu, mgongo kwenye bodi, mikono nimeitanua.

"Toka," mdogo wangu akasema, jeneza begani.

"Thubutu! Mpitishe juu yangu."

"Dada, usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu? Aibu umeibeba begani, hiyo hapo!"

Watu wakaguna. Jeneza lilikuwa zito, na mwiko wangu wa wali nilikuwa bado nimeushika. Niseme ukweli, ningempiga nao. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Niliuona uso wake na yeye akauona wangu, na tulikuwa hatujuani.

Ndipo mama akatoka.

Mjane hatoki mkekani kabla mumewe hajazikwa. Wanawake walikuwa wamemshika kanga, wanamwita, "Mayo, mayo, mama, rudi." Hakurudi. Alipita katikati yetu bila kututazama, akaingia zizini peku, akasimama ukingoni mwa lile kaburi. Akatazama jiwe, kinu chake, karai. Kisha akamwita baba mkubwa.

"Shemeji, njoo hapa. Mwenyekiti, na wewe. Waliobeba, teremsheni hapo hapo mlipo, asichoke."

Wakateremsha.

"Mume wangu alijua," mama akasema.

Nilitaka kumziba mdomo. Watu wote wale nyuma ya minyaa, na yeye anawathibitishia! Lakini mama hakupunguza sauti. Alisema kwamba tulipohamia pale, mahali pale pale, baba alianza kuchimba choo. Alifika kwenye jiwe hilo. Alilivunja, akalitazama, akakaa chini shimoni, na mama alipomletea maji alimkuta bado amelishika. Alimwambia, "Mke wangu, imenifuata." Siku ile ile akafukia. Choo akakipeleka nyuma ya nyumba, na hapo akajenga zizi.

"Watu walimcheka, zizi karibu namna hii na mlango, nzi wanaingia mpaka kwenye chungu," mama akasema. "Nami nilimlalamikia. Akaniambia, juu ya hili nitalaza ng'ombe, na siku moja nitalala mwenyewe, nione ni mtoto gani atakayenivuka kwenda chini."

Baba mkubwa alivua kofia.

"Shemeji, hukuniambia haya."

"Hukuniuliza. Ulikuja na gari."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa bado ameshika mpini wa jeneza ingawa liko chini. Mama alimgeukia, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Mwanangu, wewe ndiye mwanaume wa mji huu sasa. Ukisema Didia, nitapanda gari nimfuate. Mimi sina nguvu za kugombana, nina mume wa kuzika. Ila gogo la mgomba siliziki, na silii juu ya gogo. Yaya." Akasema hivyo kwa Kisukuma, yaya, hapana, kama mtu anavyomkatalia mtoto moto.

Niliwaona vijana wale wakimtazama mdogo wangu, na mwenyekiti akimtazama, na mmoja nyuma ya minyaa akasema kwa sauti, "Kijana, usichezee bahati."

"Malizieni kaburi," mdogo wangu akasema.

Wakamalizia. Ilibidi wapasue mwamba wenyewe kwenda chini, na kila jiwe lililotupwa juu lilitazamwa na umati mzima kama watoto wanavyotazama nyama jikoni. Mama alisema kila kilichotoka humo kitarudi humo. Mimi nikasimama juu ya lundo na mwiko wangu, na aliyesogea nilimuuliza kama amekuja kuzika au kununua. Yule mrambaji akatoa mawe mfukoni, nikamkazia macho, akavua kiatu akatoa na lingine. Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kilinisaidia kupumua. Katekista akasoma sala yake upesi upesi, jicho moja kwenye kitabu, jingine kwenye minyaa.

Wakati wa kushusha, kwa desturi mtoto wa kiume hushuka kumpokea baba. Mdogo wangu akavua viatu, akashuka. Niliona mkono wake ukigusa ukuta wa kaburi, pale mshipa mweupe ulipopita. Ukakaa hapo. Kisha akautoa, akanyoosha mikono yote miwili juu, akampokea baba.

Tulipofukia, watu hawakuondoka. Walisimama, hawasemi pole, hawasemi kwaheri. Jua lilikuwa linashuka na mipini ya sululu bado iko pale pale. Mwenyekiti aliniambia pembeni kwamba hawezi kuwa na uhakika wa usalama. Sikuwa na la kufanya, na mwiko ni mwiko tu. Ndipo mdogo wangu akatoka bila kumwambia mtu, na baada ya muda tukasikia kengele za ng'ombe. Aliwaleta wote kutoka malishoni, anawapigia mluzi ule wa baba. Walikuja kwa fujo yao ya kila jioni, vumbi juu, madume mbele, na umati ukalazimika kupisha, maana ng'ombe wa Kisukuma hajui msiba wala mwenyekiti. Wakaingia zizini, wakalizunguka lile tuta bichi, wakalinusa, wakalikanyaga. Dume jeusi likalala juu yake. Mdogo wangu akaweka miti ya lango, akakaa hapo na fimbo ya baba mapajani. Mmoja mmoja watu wakaanza kuondoka, na mimi ndipo nikalia, nikalia mpaka kina mama wakanimwagia maji.

Hawajatuacha. Wanakuja wenye magari, wanakuja wenye ramani, wanamwamkia mama kwa adabu na kumwuliza kama amefikiria. Shamba la jirani lilikwisha kugeuka mashimo, na mdogo wangu bado anasaga mawe na bado anakohoa. Nikipigiwa simu kutoka nyumbani moyo unaruka kwanza. Sitaki kudanganya kwamba tulishinda kitu. Tumemlaza baba alipotaka, basi, na kila siku tunaanza upya kumlaza.

Siku ya kuondoa tanga, nywele zimenyolewa na wageni wamepungua, tulikaa watatu jikoni, mama, mdogo wangu na mimi. Tulikuwa tunakula. Mdogo wangu aliacha tonge kwenye sahani, akauliza swali nililojua linamtafuna tangu siku ile.

"Mama, kwa nini hakuniambia? Miaka yote ile. Mimi mtoto wake, ananitazama navuta vumbi, na yeye anajua kilichoko chini ya ng'ombe. Kwa nini asiniambie?"

"Angekuambia ungechimba," mama akasema.

Mdogo wangu alifikiri. Siku hizi hadanganyi. "Ningechimba," akasema.

Mama akamsogezea mboga.

"Na mimi," akasema, "ningekuzika wapi?"